Kifungo Kwenye Saruji

Mimi ni mtu wa kukaa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akasoma habari za vilima huko mbele akadhani ameniona mahali. Kazi yangu ni kushona, na kushona ni kukaa; nikimaliza kushona, nakaa ili nipumzike. Kiti changu cha cherehani kimebonyea kwa umbo langu, wajukuu wakikikalia wanazama. Kwa miaka mingi safari yangu ndefu ya wiki ilikuwa kwenda mjini Shinyanga, kwenye duka la Mhindi anayeuza nyuzi na vifungo, na hata pale nikifika walikuwa wananivutia stuli kabla sijasalimia.

Basi daktari akaniambia sukari imepanda na presha inaifuata nyuma, na vidonge peke yake havitoshi.

"Mama, utembee."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote."

Sasa mtu wa kukaa ukimwambia popote, umemruhusu abaki hapohapo alipo.

Aliyeniponza ni binti yangu wa kwanza. Ni mwalimu, na walimu hawavumilii kuona mtu ametulia. Alikuja likizo, akachukua simu yangu, akaingiza humo programu ya watu wanaotafuta alama za zamani za wapima ardhi: nguzo za saruji vileleni, visahani vya shaba vilivyopigiliwa kwenye majabali, vyuma vilivyosimikwa kwenye mapori. Huku kwetu zote tunaziita bikoni. Simu inakuonyesha nukta nyekundu, unaifuata mpaka uifikie, unapiga picha, halafu simu inakuuliza kama umeiona. Unajibu ndiyo au hapana. Basi. Nilimuuliza mara mbili kama kuna zawadi.

"Zawadi ni kwamba umetembea, mama."

Shule nilifika kidato cha nne, na jiografia ilinishinda hasa kwenye ramani. Ile mistari ya miinuko mimi niliiona kama kidole gumba cha mtu aliyeweka sahihi. Lakini nukta nyekundu hata mimi naielewa.

Mwenzangu wa safari alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mjane anayeuza dagaa sokoni. Ni mwembamba kama mpini wa mwiko na anatembea kama aliyeacha maharage motoni. Mimi nilikuwa namfuata nyuma nikihema, na kila baada ya muda anageuka.

"Wifi, bado uko hai?"

"Tangulia, shetani wewe."

"Nikuitie trekta?"

"Aliyekufundisha adabu alikula ada bure."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Ibadakuli tulikuta kisahani cha shaba juu ya jabali, na mama mmoja ameanika michembe yake hapo hapo, vipande vya viazi vimekizunguka kisahani kama wageni waliozunguka keki. Upande wa Mhunze tulikuta nguzo katikati ya shamba la pamba, imelainika kiunoni kwa sababu ng'ombe wa vizazi na vizazi wamejikunia pale. Mzee mwenye ng'ombe alitusimamia. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mhola, mambo yote yakapita vizuri mpaka alipouliza tunatafuta nini.

"Bikoni," nikasema.

"Ya nini?"

"Kuiangalia."

"Mkishaiangalia?"

"Tunarudi nyumbani."

Alitutazama kwa huruma kabisa, kama tumemwambia tumefiwa. Kisha akasema maneno ambayo ningekuwa na akili ningeyashika: kwamba tusimfiche, kila mtu anajua mawe hayo ni ya Mjerumani, aliyaweka juu ya mali aliyozika wakati anakimbia vita. Na kweli, huko Kishapu tulikuta nguzo mbili zimechimbwa ubavuni, zimeinama kama meno mabovu. Mimi nikacheka. Nilipiga picha, nikajibu ndiyo, nikakaa chini kula matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha vilivyokaushwa.

Sasa niseme ukweli. Daktari alinitoa kwenye kiti, lakini kilichonifanya niendelee si daktari. Ilikuwa nukta moja upande wa Geita.

Binti yangu huyu alipokuwa bado ananyonya, mume wangu alipata kibarua kwa wapima ardhi. Kazi yake ilikuwa kubeba: saruji, maji, mchanga, vyombo vya mabwana wapima. Walikwenda huko kwenye ukanda wa dhahabu kujenga bikoni juu ya kilima, akakaa miezi mitatu. Siku anaondoka nilimvalisha shati la drafti ya kijani nililolishona mwenyewe. Vifungo vya shati vilikuwa vimekwisha dukani, kwa hiyo niliweka vya koti, vya kahawia, vikubwa, vya matundu manne. Alionekana kama amebandikwa biskuti kifuani, lakini lilikuwa shati imara. Akarudi na kifungo cha pili kutoka juu hakipo.

Sasa mke wa fundi cherehani anaweza asijue kitu. Lakini fundi cherehani mwenyewe anajua kifungo alichokishona yeye hakidondoki. Kinakatwa, au kinavutwa. Nikauliza nani amekivuta.

Akasema amekikata mwenyewe kwa kisu. Kwamba siku waliyomwaga saruji ya nguzo, kila kibarua alitaka kuacha kitu chake. Mmoja alibonyeza ganda la konokono, mwingine kijiti. Yeye akakata kifungo nilichokishona mimi akakibonyeza kwenye saruji mbichi, upande wa mawio, ili mkono wangu nao uwe juu kule.

Maneno mazuri. Mazuri mno. Mwanamume ambaye hajawahi kuniambia hata kwamba mchuzi umekolea, leo ananiambia habari za mkono wangu kilimani. Na juu ya hayo, jirani yetu mmoja aliyekuwa anafanya biashara ya nguo kwenye machimbo alikuwa ameniambia alimwona huko, kwa mama ntilie mmoja, analetewa samaki bila kuagiza. Hebu fikiri hapo. Mtu mgeni huagiza. Anayeletewa bila kuagiza ni mwenyeji.

Basi kifungo kile kikawa wimbo wa nyumba yetu. Sikumfukuza, sikuondoka, tulizaa wengine watatu. Lakini tukigombana kwa jambo lolote, mlango kuachwa wazi, kuku kulala nje, mimi nilikuwa namalizia na kifungo. "Mtu wa kubandika vifungo kwenye saruji atajuaje habari za mlango!" Yeye alikuwa anajibu, "Kapande ukaone." Alijua anamwambia nani. Ungemwambia samaki apande mti.

Kwa hiyo nilipoiona nukta ile kwenye simu, juu ya kilima kilekile anachokitaja, sikumwambia mtu. Nilikula chakula changu kimya. Mume wangu siku hizi magoti yamekwisha, anashinda barazani na redio yake. Akanitazama.

"Una nini?"

"Sukari."

Wifi ilibidi nimwambie, na yeye akachukua upande siku hiyohiyo. Kaka yake si mwongo. Kaka yake ana makosa mengi, anakoroma, ni bahili wa maneno, lakini uongo hana. "Na nitakuwepo," akasema, "siku utakapoomba radhi. Nitavaa vitenge vipya."

Safari ya kwanza tulikwenda kwa basi hadi Kahama, basi jingine, na bodaboda mbili mpaka chini ya kilima. Pale chini kuna wachimbaji wadogo, vijana wa matope mpaka nyusi, na karasha zao za kusagia mawe zinanguruma kutwa, huwezi kusikia hata mawazo yako. Hatukuiona njia ya kupandia. Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote anayejua kuuliza njia angelifanya: nikatoa simu, nikamwonyesha kiongozi wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi kwenye jua lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tunatafuta bikoni. Hii nukta hapa."

Akaiangalia nukta. Akaita wenzake, nao wakaiangalia. Mmoja akaikuza kwa vidole vyake, akaniomba nimsomee namba zilizoandikwa chini yake. Nikamsomea, tena kwa sauti, kwa sababu ya karasha. Walikuwa na adabu kiasi kwamba walitusindikiza hadi mwanzo wa njia na kutuchagulia fimbo.

Nilipanda nusu. Labda chini ya nusu. Wifi anasema theluthi, lakini wifi ni mchoyo. Kifua kiligoma, miguu ikagoma, nikakaa juu ya jiwe na jiwe likanikubali. Wifi akasema nisubiri pale, yeye apande mara moja aangalie kifungo ashuke.

"Hupandi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Utaniletea jibu la kaka yako."

"Wifi, nitapiga picha."

"Na simu ni yangu, na haitoki mkononi mwangu."

Akanitazama muda mrefu. "Wewe mwanamke," akasema, "umebeba kifungo miaka yote hii, leo unashindwa kubeba matako." Tukashuka.

Nyumbani mume wangu alikuwa barazani. Wifi alikuwa ameshampigia simu kutoka njiani, hana siri huyo.

"Ulikaa?" akaniuliza.

"Nilikaa."

"Mimi nilikipanda na mfuko wa saruji kichwani. Wewe umeshindwa na mkoba."

"Mkoba ulikuwa na matobolwa."

"Kipo upande wa mawio," akasema, kama mtu anayeelekeza kabati la sukari. "Chini kidogo ya kichwa cha nguzo. Ukipitisha mkono utakisikia."

Halafu kukaja msimu wa sare za shule, na fundi wa sare hana kilima. Nilikaa kwenye shimo la kiti changu nikashona kaptula za kaki mpaka macho yakaona kaki hata kwenye ugali. Lakini asubuhi nilikuwa nazunguka uwanja wa mpira mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tano, na watu wakaacha kuniuliza nani anaumwa. Miezi mitatu ikapita. Nami naigundua sasa ninapoandika: miezi mitatu, kama ile ya kwake.

Safari ya pili nilipanda kilima chote. Sitakisimulia, kwa sababu sikukiona; niliona visigino vya wifi tu. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Tulipokaribia juu akanisubiri, akanishika mkono, akasema taratibu, bila utani, "Wifi, kikiwepo, usilie. Na kisipokuwepo, usilie pia. Nitakubeba vipi mimi?"

Juu palikuwa na shimo.

Si nguzo iliyoinama, si nguzo iliyochimbwa ubavuni kama za Kishapu. Shimo safi, la kimo cha mtu na nusu, limechimbwa na watu wanaojua kuchimba. Kifusi kando, chupa tupu za maji, na upepo. Nilizunguka shimo lile upande wa mawio, nikazunguka upande wa machweo. Simu mkononi ikatoa mlio wake wa furaha: umefika. Ikauliza: umeiona?

Tulishuka. Yule mwenye kofia ya sufi alitupokea kama ndugu waliochelewa.

"Mama zetu! Shikamooni. Ninyi ndio mliotuonyesha."

"Nguzo iko wapi?" nikauliza.

"Mama, ulituchosha," akasema, na alionekana amechoka kweli. Wakanisimulia wote kwa pamoja. Kwamba tulipoondoka walikaa kikao. Wanawake wawili watu wazima, wametoka Shinyanga, wana nukta na namba, wanapanda kilima, halafu wanashuka bila kufika juu: ni nani asiyejua maana yake? Tumekwenda kuleta watu wa kuchimba. Basi wakawahi. Walichimba siku sita, hawakukuta chungu wala sanduku. Kisha mmoja wao akaona saruji yenyewe ina vichembe vinavyometa. Wakasema kumbe Mjerumani ni mjanja, mali hakuiweka chini ya nguzo, ameichanganya ndani yake. Wakaivunja kwa nyundo, wakaitia kwenye viroba, wakaishusha mgongoni, wakaisaga kwenye karasha mpaka ikawa unga, wakaiosha.

"Hata punje, mama."

"Ule ni mchanga wa mtoni," nikasema. "Mchanga wa mtoni unameta. Na Mjerumani gani? Ile nguzo aliijenga mume wangu. Yuko nyumbani anasikiliza redio."

Karasha moja ikazimwa, nadhani ili wasikie vizuri.

"Sasa mama," akasema mwenye kofia, kwa upole wa mtu anayemaliza kesi, "tuambie ukweli tu, yameshapita. Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Kifungo."

"Cha dhahabu?"

"Cha shati."

Hakuna aliyecheka mara moja. Halafu mmoja akacheka, wengine wakamfuata, hata wifi, na mimi nikatafuta mahali pa kukaa. Walinionyesha lundo la unga wa kijivu kando ya mahali pa kuoshea. Ndiyo hiyo nguzo. Niliingiza mkono. Ulikuwa unga mlaini, ungeweza kuuchekecha. Karasha inayosaga jiwe haiwezi kuacha kifungo.

Nilipokuwa nimeinama pale, mchimbaji mmoja mwenye ndevu akaja akachuchumaa karibu.

"Mama, mimi nilikiona."

"Ulikiona nini?"

"Kifungo. Kwenye saruji, kabla hatujavunja. Cha kahawia."

Nilitaka kumwamini. Lakini mimi ni fundi. "Kilikuwa na matundu mangapi?"

Macho yake yakapanda juu ya bega langu, yakatulia pale, kisha akasema, "Manne, mama. Manne kabisa."

Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu, anajikuna shingo kwa vidole vinne.

"Wifi!"

"Nawashwa," akasema.

Tulirudi bila kuongea mpaka Kahama. Pale aliniomba msamaha, nami nikamwambia ajikune vizuri akifika kwake. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao haukai miguuni. Nilikuwa na ushahidi mmoja tu duniani, na mimi mwenyewe ndiye niliyeusomea wachimbaji namba zake kwa sauti kubwa, nikaenda zangu nyumbani kushona kaptula. Kama alisema kweli, nimeusaga ukweli wake. Kama alidanganya, nimemsagia uongo wake. Vyovyote ilivyo, ningekufa bila kujua, na kosa ni la kukaa kwangu.

Mume wangu alikuwa barazani, mchana, redio inasema habari za mvua. Wifi safari hii hakuwa amempigia. Nilivua viatu, nikakaa, nikamwambia yote: shimo, nyundo, viroba, karasha. Nilimwangalia usoni wakati nasema, kama ninavyoangalia mshono nisiouamini. Nilingoja nione nafuu. Mtu aliyedanganya, ukimwambia ushahidi umesagwa, lazima mahali fulani usoni pake palegee.

Alizima redio.

"Yote?"

"Yote."

"Hata msingi?"

"Hata msingi. Kimo cha mtu na nusu."

Akatazama mikono yake. Kisha akaanza kusema, na huyu ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Akasema maji yalikuwa mbali, walipandisha kwa madebe, na debe ukifika nalo juu lina nusu. Akasema kuna mfuko mmoja wa saruji ulipasuka njiani, wakauzoa kwa viganja pamoja na majani ya pale chini, na mpima akawafokea kwa ajili ya yale majani. Akasema walikaa juu kule siku nyingi wakisubiri mawingu yatoke ili mpima aone kilima cha pili, na baridi, na chakula kikaisha, wakawa wanashuka kula kwa mama mmoja chini ambaye hakuwa na kitu kingine ila samaki. Samaki asubuhi, samaki jioni. Hakuna aliyeagiza, cha kuagiza hakikuwepo.

"Ilinyooka," akasema. "Mpima aliweka timazi akasema imenyooka. Mimi sijajenga kitu kingine."

Halafu midomo yake ikawa inafanya kazi peke yake kama ya mtoto. Habari ya kifungo hakuigusa. Alikuwa analilia nguzo. Nilikaa pale nikiwa na umri huu wote, na sukari yangu, nikamwangalia mtu akilia saruji, nami sikuwa na la kushona.

Niliinuka nikamletea maji. Alikunywa. Muda mrefu ukapita, kuku wakaingia wenyewe, ndipo akakumbuka.

"Na kifungo je?"

"Kifungo gani?" nikasema.

Akanigeukia taratibu, shingo nzima, kama anayehofia amesikia vibaya. Nilikuwa naangalia kuku. Baadaye kidogo nikasikia anatafuta swichi ya redio.